Maji Yanayolishwa

Maliro alikuwa muoga, na mtaa mzima ulijua. Ukimpigia simu alitazama kwanza jina lako, akaiacha iendelee kulia, ndipo akapokea kwa sauti ya mtu anayesubiri kuambiwa nani amekufa. Mlango wake ulikuwa na kufuli ndani na kufuli nje. Akipanda pikipiki ya abiria alimng'ang'ania dereva mabega hadi dereva akalalamika. Watu walimcheka, ila friji zao walimpelekea yeye tu, kwa sababu fundi anayeogopa kila kitu hasahau kufunga waya hata mmoja.

Karakana yake ilikuwa Mususa, mjini Butembo, mashariki ya Kongo, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya karakana hiyo hiyo. Hofu yake haikuzuka hewani. Alikulia upande wa Beni, na alipokuwa mtoto mjomba wake Salomon alichimba bwawa nyuma ya nyumba akafuga samaki. Lilikuwa bwawa tu, la udongo. Lakini mjomba aliezeka nyumba kwa mabati, na mwaka huo huo watoto wa jirani wakafa kwa homa, watu wakaunganisha mambo. Walisema mle bwawani anakaa mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki anayempa mtu mali na kudai roho za watu kama malipo. Vijana walikuja mchana kweupe na petroli. Nyumba iliungua, bwawa likafukiwa, na mjomba Salomon akavuka mpaka kwenda Uganda na nguo alizovaa. Hakurudi tena.

Miaka mingi baadaye, mauaji ya Beni yalipomfukuza Maliro na mkewe Séphora hadi Butembo, alikimbia pamoja na umati wa watu. Lakini ndotoni alikuwa akikimbia peke yake, na waliomfukuza walikuwa majirani zake.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeamua kuweka bahari sebuleni. Tusimcheke kwanza, tusikilize ilivyokuwa.

Mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Kimemi, mama Mariette, alimchukua hadi Mombasa akamkagulie mashine ya baridi aliyotaka kununua. Katika ofisi ya mawakala wa forodha waliambiwa wasubiri, na kwenye ukuta wa chumba cha kusubiri palikuwa na sanduku kubwa la kioo lenye maji ya bahari. Ndani yake mlikuwa na mawe yaliyoota viumbe vya rangi, na mnyama mmoja aliyefanana na ua, mwenye vidole laini vinavyopepea. Kati ya vidole hivyo aliishi samaki mdogo wa rangi ya machungwa na mistari myeupe. Vidole vile vilikuwa na sumu kwa samaki wengine wote, karani alimweleza, ila huyu mdogo vilimlinda. Maliro alikaa mbele ya kioo tangu asubuhi. Walipomwita jina hakushtuka. Mama Mariette ilibidi amguse bega, na Maliro akageuka polepole akitabasamu, jambo ambalo mama huyo alilisimulia njia nzima ya kurudi.

Nyumbani alimweleza mkewe.

“Papa Jemima, bahari?” Séphora aliuliza. Jemima ni binti yao, na ndivyo walivyoitana tangu azaliwe. “Hapa Butembo, na hii baridi yote?”

“Kidogo tu. Metre moja.”

“Na bantu batasema nini?”

Maliro alikuwa ameshajiuliza swali hilo kabla hata lori lililowarudisha halijafika mpakani Kasindi. Jibu lake lilikuwa tayari, na lilikuwa jibu baya. “Hapana bataona,” alisema.

Alianza kupanga. Na hapa lazima niseme ukweli, kupanga vyombo vya bahari kulimfaa Maliro kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya, kwa kuwa kila chombo huanzia kwenye hofu fulani. Alitazama video za Kifaransa kwenye simu, akachora kwa chaki kwenye mlango wa friza iliyokufa. Kipasha-joto kikikwama bila kuzima, kitawachemsha samaki wote. Basi asinunue kimoja kikubwa, anunue viwili vidogo, na juu yake aweke kirekebisha-joto kingine cha kuvikata vyote. Umeme ukienda, na Butembo umeme huenda, maji yatasimama na viumbe vitakosa hewa. Basi pawe na betri na paneli za jua, na pampu ndogo ya hewa inayojiwasha yenyewe. Pampu ya kurudisha maji ikizima, bomba litanyonya maji kinyumenyume na kuyamwaga sakafuni. Basi atoboe tundu dogo kwenye bomba karibu na uso wa maji, hewa iingie, mnyonyo ukatike. Séphora alipopita na kusoma mlango ule alicheka akasema samaki mwenyewe hajaandikwa popote.

Ilikuwa kweli. Samaki alikuwa wa mwisho kabisa, kwa sababu samaki ndiye anayeweza kufa.

Kioo alikikatisha kwa fundi wa madirisha, kioo kinene, na baada ya kukiunganisha alikijaza maji ya mvua akakiacha karakanani, huku akipapasa pembe zake asubuhi na jioni kutafuta unyevu. Meza ya kukibebea aliichomelea mwenyewe kwa vyuma vya pembe, kisha akapanda juu yake pamoja na Séphora na Jemima kuipima. Taa ya buluu na nyeupe, pampu, chombo cha kukamua uchafu kwa povu, kifaa cha kupima ukali wa chumvi, ndoo za chumvi ya bahari na mawe makavu, vyote vilikuja ndani ya mzigo wa mama Mariette kutoka Dubai, katikati ya mabunda ya nguo. Maliro alivipokea akavifunika blanketi. Mtu aliyeuliza aliambiwa ni vipuri vya friji.

Bibi yangu mmoja angesema uongo wa namna hiyo ni mdogo. Mimi naona ndio uliozaa mengine yote.

Sebuleni alifunga pazia zito. Akachanganya chumvi na maji ya mvua aliyoyachuja, akapima, akapanga mawe yawe na mapango, akawasha. Maji yalizunguka, mawe yakang'aa kwa buluu, na hapakuwa na kitu kingine chochote kinachoonekana ndani. Ndivyo inavyotakiwa. Bahari mpya huwezi kutia samaki siku ya kwanza, uchafu wake mwenyewe utamuua. Lazima kwanza viote kwenye mawe vijidudu visivyoonekana, vinavyokula uchafu huo, na vijidudu navyo lazima vilishwe. Kwa hiyo Maliro alinunua tilapia wa ziwani Vitshumbi, akakata kipande kidogo, akakifunga kwenye kitambaa na kukiacha kioze majini. Kilipoisha akatia kingine. Akiwa karakanani alimwuliza mkewe kupitia mlango wa nyuma kila siku: “Umesha lisha mayi?” Naye Séphora alijibu: “Nimesha lisha.”

Siku moja alipouliza hivyo aliona kivuli kwenye ua. Alikuwa mama Kanyere, jirani wa bondeni, ameleta mkungu mdogo wa ndizi kama alivyozoea. Mama Kanyere alikuwa mjane, Mkatoliki, mpika kasiksi, ile pombe ya ndizi, na chini ya ukuta wa Maliro alikuwa na kishamba cha lengalenga, yaani mchicha, na poireau, vile vitunguu vya majani, alichokipenda kuliko nyumba yake. Alisimama. Alitazama pazia zito, na mwanga wa buluu uliopenya pembeni yake. Pua yake ilicheza kidogo, maana harufu ya kitu kinachooza ilikuwa imejaa ua. Kisha akaweka ndizi chini na kuondoka haraka.

Maliro alizitazama ndizi pale chini. Mtu anayelisha maji. Maji yasiyo na samaki. Kwa nyama inayooza, nyuma ya pazia, chini ya taa ya buluu. Aliyasema maneno hayo moja moja kimoyomoyo kama angeyasema mtu wa nje, na kila moja lilikuwa kweli.

“Umuite umuonyeshe,” Séphora alimwambia.

“Nimuonyeshe nini? Iko kintu kenye hapana kuonekana. Nitamuambia hivyo? Weye ungesikia hivyo, ungewaza nini?”

Séphora alivuta pazia, akaziba mwanga uliopenya. Naye alizaliwa Beni.

Tangu siku ile mama Kanyere alibadilika. Walipokutana njiani aligeuza uso. Zamani angemsimamisha Maliro, amsalimie kwa Kinande, lugha yao, amwulize habari za mke, za mtoto, za friji. Sasa aliinamisha kichwa na kuongeza mwendo. Maliro alianza kurudi nyumbani kwa njia ya kuzunguka. Kanisani kwake, kwa Waprotestanti wasiogusa pombe, ambako alikuwa shemasi, alipitisha kikapu cha sadaka haraka haraka, na akaona, au alidhani ameona, watu wakinong'onezana.

Kisha kijana mmoja wa pikipiki wa mtaa wao akafa kwenye barabara ya Kirumba. Wote walikwenda msibani. Maliro alikaa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, mahali anapokaa siku zote, na katikati ya vilio alimsikia mjomba wa marehemu akisema kwa sauti nzito: “Hapa quartier kuna mutu anakula batoto betu. Tunamujua.” Mama Kanyere alikuwa amekaa mbele. Aligeuka. Macho yake yalipita juu ya vichwa vya watu yakatua kwa Maliro, yakakaa hapo kidogo, yakaondoka.

Alitoka bila kuaga. Alikwenda hadi nyumbani bila kugeuka nyuma. Alikuwa akisikia harufu ya petroli, na hapakuwa na petroli popote.

Jumapili alimwambia Séphora kwamba tumbo linamsumbua. Mtaa ulipohamia makanisani, Wakatoliki kwao na Waprotestanti kwao, akafunga mlango, akazima taa, akazima pampu. Alichukua mpira, akanyonya, akaukimbiza nje hadi kwenye mfereji. Ule mnyonyo aliouogopa wakati wa kupanga, ambao aliutobolea bomba tundu ili usitokee, sasa aliuomba ufanye haraka. Maji yalishuka. Mawe yalianza kutokea juu ya uso, kwanza vilele, kisha mapango, na kwenye mapango hayo aliona utando mwembamba wa kahawia ambao wiki iliyopita haukuwepo. Vijidudu vilikuwa vimeanza. Bahari yake ilikuwa inazaliwa, na aliuona uhai huo wakati huo huo alipokuwa akiumwaga. Maliro alilia, nasema wazi, alikaa sakafuni akalia huku mpira ukikoroma mkononi.

Lakini alilala usingizi mzuri, hilo nalo niseme. Siku kadhaa alitembea na mabega yameshuka, huzuni ikiwa nyingi na hofu ikiwa kidogo. Hakufikiria kabisa mfereji unakwenda wapi.

Mfereji uliteremkia kwa mama Kanyere.

Walikuja asubuhi, Séphora akiwa anafua. Mbele alikuwa mama Kanyere na kiganja cha udongo, pembeni yake Onésime, shefu wa avenue, yaani kiongozi wa mtaa wao, na nyuma yao majirani, wengine na majembe waliyokuwa wakienda nayo shambani. Maliro aliwaona kupitia tundu la ukuta wa karakana. Alihesabu majembe badala ya watu. Akatafuta kwa macho dumu la petroli, hakuliona, akadhani limefichwa. Alijibana nyuma ya friza yenye michoro yake ya chaki, na huko, mbele ya hofu zote alizozipangia chombo, alikuta moja ambayo hakuipangia kitu.

“Papa Jemima,” Séphora aliita kwa sauti ya chini. “Toka. Bakikukuta umejificha, itakuwa mubaya zaidi.”

Akatoka.

“Papa Jemima,” mama Kanyere alisema, “ulimwanga nini mu shamba yangu? Lengalenga yote imekauka. Poireau imekuwa njano. Udongo iko mweupe juu.”

Maliro aliyatazama tena majembe.

“Jibu, ndugu,” Onésime alisema. “Alama ya mayi inatokea hapa kwako.”

“Bajukuu bangu balikula ile lengalenga jana,” mama Kanyere akaendelea, na hapo sauti yake ikavunjika. “Kama ni sumu, sema, nibapeleke hospitali. Hapana nitagombana na weye leo. Sema tu ni nini.”

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Asidi ya betri. Fundi wa friji mwenye paneli za jua, nani angeshangaa? Wangemkaripia, angeomba msamaha, wangekwenda. Lakini wajukuu wangebebwa hospitali, wangetiwa mipira puani kwa sababu ya asidi ambayo haikuwepo, na bibi yao angekaa kwenye benchi akisubiri wafe. Maliro aliijua hofu hiyo kwa undani. Aliona haya kumpa mtu mwingine.

Alinyoosha mkono, akachukua udongo kidogo kutoka kiganjani mwa mama Kanyere, akautia mdomoni, akaumeza.

“Ni munyu,” alisema. “Munyu ya bahari. Batoto hapana batakufa.”

Mama Kanyere alionja kwa ncha ya ulimi. Akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. “Ni munyu,” aliwaambia wengine.

“Munyu ya kufanya nini?” Onésime aliuliza.

Hapo hapakuwa na njia ya kuzunguka. Maliro aliwaongoza ndani, akavuta pazia. Waliona sanduku la kioo lililo tupu, mawe yaliyokauka yenye unga mweupe, pampu, mabomba, kitambaa chenye miiba ya samaki. Aliwaeleza habari ya Mombasa, ya samaki wa machungwa. Alieleza vibaya, maneno yakigongana.

“Na mu ile mayi, mulikuwa nini?” aliuliza kijana mmoja aliyesimama nyuma, aitwaye Timothée.

“Hapana samaki. Samaki ilikuwa bado,” Maliro alisema. Jasho lilimtiririka. “Mulikuwa kintu kinaishi, lakini hapana kinaonekana. Njo ile nilikuwa nalisha.”

Watu wa nyuma walirudi hatua. Mtu mmoja alilitaja lile jina, mamba muntu, kwa mnong'ono, na chumba kizima kikalisikia. Maliro alitazama mlango. Timothée alikuwa amesimama katikati yake na jembe begani.

Ndipo mama Kanyere alipoanza kucheka. Alicheka hadi akatafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye ndoo ya chumvi.

“Njo hiyo tu?” alisema. “Kulisha mayi, njo hiyo? Mi nilijua unapika kasiksi!”

Hakuna aliyeelewa. Alijifuta macho kwa kitenge.

“Sisi banamuke ba pombe, tukiongeza bunga ya mtama mu pipa, tunasema tunalisha. Ile siku nasikia ‘umesha lisha mayi’, naona pazia, nasikia harufu, nikasema, ee, shemasi anapika pombe kwa siri. Nikasema hiyo hapana neno ya kutoa inje, batamufukuza ku kanisa. Sikuambia mutu. Hata padiri sikumuambia. Njiani, na hata ku kilio, nilikuwa naangalia pembeni juu usisikie haya.” Akamgeukia kijana aliye mlangoni. “Na weye Timothée, kasiksi yangu unaikunywaka kila juma. Inachemka bila moto. Ulishaka kuona chenye kinaichemusha?”

Timothée alishusha jembe. Watu wakacheka, Onésime zaidi ya wote, na yule aliyenong'ona akawahi kutoka nje. Hapo ndipo Séphora alipopata kuuliza juu ya lile neno la msibani, na Onésime akashangaa. Mjomba wa marehemu alikuwa akimsema muuzaji wa breki bandia za pikipiki, kila mtu alijua hivyo.

“Sasa hiyo bahari iko wapi?” mama Kanyere aliuliza.

“Niliimwanga yote.”

“Juu ya nini?”

“Niliogopa.”

“Uliogopa nani?”

Maliro angeweza kutaja wengi. Waliochoma bwawa la Salomon, wauaji wa Beni, mjomba wa marehemu. Lakini tayari alikuwa amekula udongo siku hiyo, akaona amalize.

“Weye, mama.”

Mama Kanyere aliacha kucheka. Alikaa juu ya ndoo akitazama kiganja chake ambacho bado kilikuwa na udongo.

“Mi nilikuwa nachunga siri yako,” alisema mwishoni, “na weye ulikuwa unaniogopa.”

Alisimama, akajikung'uta, akatoka bila kuaga, na watu wakamfuata. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

Maliro alichimba ule udongo wote wenye chumvi akaubeba kwa toroli mbali, akaleta mwingine, akapanda lengalenga na poireau mpya huku mama Kanyere akimsimamia na kumkosoa kila mstari. Mama huyo hakumsalimia. Pale mlangoni mwa friza Maliro aliongeza mchoro mmoja, bomba la maji machafu lisilopita shambani kwa mtu. Kisha akatoa pazia zito, akajaza sanduku upya, akawasha taa mchana, mlango wazi.

Asubuhi moja mapema, kabla hajaufungua, mlango uligongwa. Maliro aliruka, kikombe kikaanguka. Alichungulia kupitia tundu la ukuta, ndipo akafungua kufuli ya ndani.

Alikuwa mama Kanyere, na kichwa cha tilapia kimefungwa kwenye jani la mgomba.

“Wavukire,” alimsalimia kwa Kinande kama zamani. “Mayi imesha kula?”